Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Mazoezi ya Kuondoka Katika Mbio Fupi za Motokaa

Wahenga walinena kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Katika nchi ya Marekani uko mchezo wa motokaa unaoithibitisha methali hiyo. Motokaa mbili husimama sambamba juu ya njia iliyonyooka, hungoja taa, kisha hufyatuka. Hakuna kona wala mzunguko. Urefu wa njia tangu zamani ni robo maili, yaani mita 402, ingawa tangu mwaka 2008 motokaa za madaraja yenye kasi kuu kabisa hukimbia futi 1,000 tu kwa ajili ya usalama. Atazamaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ushindi ni wa injini yenye nguvu zaidi. Wanaoujua mchezo huo hutazama futi 60 za kwanza, yaani kama mita 18, na huuliza dereva na fundi wake walifanya nini kabla ya siku ya mashindano.

Mchezo huu ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana wa California, miongoni mwao askari waliokuwa wamerejea kutoka vitani, walikuwa na hamu ya mwendo wa kasi, na wengi wao walishindana katika barabara za watu wote, jambo lililohatarisha maisha. Ikaonekana heri mchezo uhamishiwe mahali pake. Mwaka 1950 mashindano yalianza kufanywa katika kiwanja cha ndege cha Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks, ambaye naye alikuwa amelitumikia jeshi vitani, aliasisi chama kiitwacho NHRA, na mwaka 1953 chama hicho kikafanya mashindano yake ya kwanza rasmi huko Pomona. Mwaka 1954 kilituma kikosi kidogo kizunguke nchini kufundisha namna ya kuendesha mashindano kwa usalama, na kiongozi wake alikuwa Bud Coons, askari polisi wa Pomona. Hivyo polisi walikuwamo katika malezi ya mchezo huu tangu utoto wake.

Tangu mwaka 1963 ishara ya kuondoka hutolewa na mnara wa taa uitwao Mti wa Krismasi. Kwa madereva wengi wa kawaida, taa tatu za manjano huwaka moja baada ya nyingine, kila moja kwa nusu sekunde, kisha huwaka ya kijani. Atokaye mapema huwashiwa taa nyekundu, na mbio zake zimekwisha. Atokaye akiwa amechelewa hupoteza wakati asioweza kuukomboa kwa urahisi. Yafaa ieleweke kwamba saa ya kupima mwendo wa kila motokaa huanza pale magurudumu yanapoondoka katika mstari, wala si pale taa inapowaka. Kwa hiyo mwenye mwendo bora aweza kushindwa. Tuseme dereva wa kwanza amekwenda kwa sekunde 12.00, lakini baada ya taa ya kijani alikawia sekunde 0.30. Wa pili amekwenda kwa sekunde 12.10, ila alikawia sekunde 0.05 tu. Wa kwanza amefika baada ya sekunde 12.30, na wa pili baada ya 12.15. Motokaa iliyo nyepesi zaidi kwa mbio imeshindwa na mguu ulio mwepesi zaidi.

Baada ya mguu wa dereva huja kazi ya matairi. Nguvu ikimiminwa kupita kiasi, magurudumu huzunguka pale pale yakitoa moshi, na motokaa haisogei ipasavyo. Nguvu ikitolewa kwa uchache, injini hulemewa na kusita. Kati ya makosa hayo mawili ipo njia nyembamba, na kuitafuta ndiyo kazi ya mazoezi. Mafundi hukadiria kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde ikiokolewa katika futi 60 za kwanza, faida yake mwishoni mwa robo maili huwa kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya hiyo, kwa kuwa motokaa iliyotangulia kupata mwendo huubeba mwendo huo njia nzima.

Kwa sababu hiyo viwanja vingi vya Marekani hufunguliwa jioni kadhaa za katikati ya juma kwa mazoezi tu. Hakuna kombe wala zawadi. Dereva hulipa kiingilio, gari lake hukaguliwa, kisha huondoka, hurudi, na huondoka tena. Kila mara hupewa karatasi yenye hesabu: amekawia muda gani baada ya taa, ametumia muda gani katika futi 60, na muda gani mpaka mwisho. Karatasi hiyo haina upendeleo. Humwambia mtu ukweli hata kama rafiki zake wamempigia makofi.

Sharti la kwanza la mazoezi ni kubadilisha jambo moja tu kwa safari moja. Dereva asiye na subira hupunguza upepo wa matairi, huongeza mizunguko ya injini na kukaza shokomzoba za nyuma, yote kwa pamoja. Wakati ukipungua, hajui ni dawa ipi iliyomponya. Ukiongezeka, hajui ni ipi iliyomdhuru. Fundi mwenye busara huanza kwa safari tatu bila kugusa kitu, apate kipimo cha kulinganishia. Kisha hupunguza upepo wa matairi kwa ratili moja, wala hagusi kingine, na huandika matokeo. Siku nyingine huondoka na injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha 3,500, na huandika. Kabla ya kila safari huyapasha matairi moto kwa namna ile ile na kwa muda ule ule, maana tairi baridi na tairi moto haziishiki njia sawasawa.

Sharti la pili ni daftari. Humo huandikwa tarehe, saa, joto la hewa, hali ya njia, upepo wa matairi, mizunguko ya injini na hesabu zote za karatasi. Hewa ya jioni yenye baridi ni nzito na huipa injini nguvu zaidi, hali hewa ya adhuhuri huipunguzia. Asiyeandika hudhani kwamba amefaulu kwa ufundi wake, kumbe amesaidiwa na jua kuchwa.

Nalo jicho la dereva hufunzwa nyumbani. Vipo vifaa vidogo vyenye taa kama za ule mnara, navyo huwekwa mezani. Baada ya chakula cha jioni, dereva hujizoeza kuachia kitufe kwa wakati, huku mke au mtoto akimwandikia hesabu. Dakika chache kila siku zafaa kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Lakini faida kuu ya mazoezi ni kulinda uhai. Tarehe 8 Machi 1970, katika kiwanja cha Lions huko California, dereva mashuhuri Don Garlits aliondoka katika mstari, na giaboksi ikapasuka. Motokaa ilikatika vipande viwili, naye akapoteza sehemu ya wayo wake wa kulia. Zama hizo motokaa za daraja lake zilikuwa na injini mbele, na dereva aliketi nyuma yake, mitambo ya gia ikiwa katikati ya miguu yake. Alipopata nafuu, yeye na wasaidizi wake walitengeneza huko Florida motokaa yenye injini nyuma ya dereva. Ilipojaribiwa iliyumba huku na huku. Hawakuipeleka mashindanoni ikiwa katika hali hiyo. Waliijaribu tena na tena, hata wakatambua kwamba usukani uliitika upesi mno. Wakaupunguzia wepesi wake, na motokaa ikanyooka. Mwaka 1971 ilishinda mashindano makubwa ya majira ya baridi huko Pomona, na baada ya miaka michache injini za mbele zilitoweka katika daraja lile. Madereva wengi waliokuja baadaye walinusurika kwa sababu ya kazi iliyofanywa siku ambazo hapakuwa na watazamaji.

Somo hili lilifika pia kwa polisi na kwa wazazi. Mwaka 1984, katika mji wa Jacksonville, Florida, ulianzishwa mpango uitwao Beat the Heat, ambao askari polisi hushindana na vijana katika viwanja halali ili kuwavuta watoke barabarani. Tangu miaka ya 1990 watoto nao wana motokaa zao ndogo, ambazo hukimbia nusu ya njia ya kawaida, wazazi wakiwa mafundi wao.

Mzazi mwenye kijana apendaye mwendo wa kasi na ayaangalie mambo haya. Kumkemea peke yake hakutoshi, na kumwachia barabara ni kumwachia mauti, yake na ya wapita njia. Apewe mahali palipo halali, mtu wa kumsimamia, na daftari. Askari aujua ukweli huu tangu siku zake za mafunzo: mkono usiozoezwa uwanjani hautatulia siku ya hatari. Taa ya kijani ikishawaka hapana nafasi ya kujifunza. Hudhihirika tu yale ambayo mtu alikwisha kujifunza.