Mufanyakazi akifika Lubumbashi, akimbilie wapi?

Ndugu wafanyakazi wa Kolwezi, Likasi, Fungurume, Kambove na Kipushi, wamama na vijana wa camp: leo sitaongea mambo ya mushahara. Nataka tuongee mambo ya miguu, na ya roho yenye kupiga mu kifua. Kuko wenye watacheka, watasema delege amekosa mambo ya kuandika. Mucheke, lakini musome mpaka mwisho.

Mu kipwa iliyopita nilikuja Lubumbashi kwa mukutano wa sendika, siku ine. Nililala kwa yaya wangu ku Kamalondo, sawa vile wengi wetu tunafanya, juu hoteli ni franga mingi na ndugu hawezi kukukatalia kitanda. Sasa, munganga alikuwa amenikuta na tension. Aliniambia: punguza chumvi, punguza Simba na Tembo, na ufanye footing nusu saa, siku tano kila juma. Hesabu yake ni dakika 150, na ni hesabu ile ile OMS inaomba watu wakubwa wa dunia yote.

Kwetu ninajua njia yangu. Lakini ku Kamalondo, saa kumi na moja ya asubui, nilitoka mu lupango na viatu vyangu, nikasimama ku barabara, nikajiuliza: nikamate upande gani? Nikaanza tu. Mama mumoja alikuwa anafagia mbele ya mulango wake, akaniangalia, akauliza: «Papa, nani iko anakukimbiza?» Nikamujibu: «Mama, ni tension.» Akacheka, na mimi nikacheka.

Mbele kidogo, sikucheka tena. Nilikuta kiwanja cha mpira kimoja kizuri, na ukuta, na mulango. Mulinzi akaniambia: «Mukubwa, hapa hawakimbiake. Tuko na ordre.» Nikamwonyesha carte yangu ya kazi. Akasema: «Nisamehe mukubwa, mimi pia niko mufanyakazi, batanifukuza.» Alikuwa na haki. Nikarudia ku barabara, kati ya mifereji na taxi-bus.

Ndugu, Kamalondo ni komini ndogo kuliko zote saba za Lubumbashi, lakini haiko mahali pa hivi hivi kwa mambo ya michezo. Ni hapa njo Stade TP Mazembe inasimama tangu 2011, yenye viti zaidi ya 18 000. Ku jirani, komini Kenya, kuko Stade Kibassa Maliba, yenye wazee wanajua ku jina ya Stade Mobutu. Mazembe ilizaliwa mu 1939 kwa mapadri Wabenedikto. Lupopo pia ni ya mwaka ule 1939, na watu wake wa kwanza walikuwa wa njia ya reli. Muji wenye kombe tano za Afrika za club bingwa, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, hauwezi kukosa mahali mufanyakazi wa miaka 46 anaweza kukimbia nusu saa bila kuuliza ruhusa.

Kuko wenye watasema: mutu wa mine anafanya kazi ya nguvu, sport ni ya nini tena? Ile ilikuwa kweli wakati wa baba zetu, wakati wa mpiki na lampani. Leo, mwenye kuendesha benne kubwa anakaa saa kumi na mbili ku kiti. Mugongo unatetemeka, tumbo linakua, miguu inalala. Anafika nyumbani, anakula bukari na sombe, analala. Mwaka kwa mwaka. Siku ya visite médicale, munganga anamufunga kitambaa ku mukono, anapampa, na macho yake yanabadilika. Mu ile ofisi mutu anaweza kuingia operateur na kutoka bila machine. Ninajua wenzetu waliotoka vile. Mushahara ukikatwa mu nusu, ni watoto wanarudishwa ku masomo juu ya minerval. Munaona sasa, mambo ya miguu ni mambo ya mushahara.

Na wengi wetu tunafika Lubumbashi paka wakati wa shida: kupimwa, kufanya mafunzo, kulalia mugonjwa ku hospitali, kungojea makaratasi. Unakaa juma mbili, tatu, kwa ndugu. Asubui unakaa ku kiti, mangaribi unakaa tena ku kiti, na chupa mbele yako, juu Kamalondo bar hazikosake. Bar inafunguliwa kwa kila mutu. Kiwanja kinafungwa na kufuli. Hii njo ninaomba tuangalie.

Wazee wetu walijua bei ya kiwanja. Mu mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma, juu bei ya vitu ilikuwa imepanda na mushahara haukufuata. Hapa Élisabethville walikusanyika wapi? Hapana mu ofisi, hapana mu kanisa. Walikusanyika ku kiwanja cha mpira. Tarehe 9 askari wakapiga masasi, na makumi ya watu wakakufa. Léonard Mpoyi, mwenye alisema mu jina ya wenzake, alikufa pale. Tangu siku ile, mutu wa sendika hawezi kuita kiwanja «mahali pa kuchezea» tu. Ni mahali pa pekee kambi yote inaweza kusimama pamoja.

Union Minière ilikuwa kali, lakini ilijua kama mufanyakazi mwenye mwili muzuri anachimba shaba mingi. Ilijenga viwanja mu kambi. Ilifanya vile kwa faida yake, hapana kwa upendo, lakini viwanja vilibakia, na Gécamines ikavirizi. Leo, mu camp mingi, fanya hesabu: ni vingapi vingali viwanja? Vingine vimekatwa lupango, vingine vimekuwa parking ya makamyo, vingine ni jala. Kila mutu alikamata kipande chake, na sisi tuliangalia tu.

Sasa, kwa mwenye kufika Lubumbashi kesho, niseme yenye nilijifunza mu siku ine.

Toka mapema. Saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja kasoro, muji ungali wako: motokari ni kidogo, mavumbi ingali chini. Mu mwezi wa sita na wa saba kuko baridi na jua linachelewa. Vaa pulover, na nguo nyeupe kusudi mashofere wakuone.

Kutoka Kamalondo kwenda upande wa Poste haiko mbali. Zamani wakoloni waliacha pori ya bure kati ya muji wao na Cité Albert, yenye leo tunaita Kamalondo, kusudi watu weusi wakae mbali. Leo unaweza kuvuka ile mupaka na mbio, hapana mwenye kukuomba karatasi. Ukiwa na nguvu zaidi, endelea mpaka upande wa Golf na Lac Tshombe, kwenye miti na hewa. Wengine wanapanda taxi-bus mpaka ku barabara ya Kasapa, yenye kwenda ku université; pale utakuta wanafunzi, na mukimbiaji haogopeshe mutu.

Usikimbie ku barabara ya Kasumbalesa ao ya Kipushi. Makamyo ya mine yanapita pale na mavumbi yake, na mapafu yetu yamekwisha kula ya kutosha ku kazi.

Na musikimbie mumoja mumoja, zaidi wamama na mabinti. Binti wa yaya wangu aliniambia: «Tonton, mimi pia ninapenda footing, lakini giza ile, hapana.» Iko na haki. Lakini siku ya mungu, vikundi vinapita na nyimbo, batu makumi mbili, makumi tatu, bababa na bamama. Uliza mu avenue yako wanapitia wapi, uingie ku mukia. Watakupokea.

Ile ni dawa ya leo. Dawa ya kweli ni ingine, na ninaiweka mbele ya kila mutu.

Kwa wenye kushika viwanja, mashule, parokia na club: hatuombi majani ya stade. Tunajua inaharibika, na tunajua bei yake. Tunaomba pembeni ya kiwanja, siku tatu kila juma, tangu saa kumi na moja mpaka saa moja, na kitabu ku mulango kwa kuandika majina. Mulinzi aliyenirudisha alikuwa amekwisha kulipwa kwa kusimama pale. Kufungua mulango hakuongeze franga.

Kwa madelege wenzangu: tukikaa kwa kuzungumuza convention collective, tunaomba mushahara, tunaomba mposho, tunaomba dawa. Tuandike pia kiwanja. Na sheria ya mine ya 2018 inalazimisha kila kampuni kutosha 0,3% ya franga yote ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji wa karibu. Ile franga inajenga masomo na visima, ni vizuri. Lakini kiwanja kimoja chenye miti pembeni, na lettre yenye kukataza kukiuzisha, nani kati yetu alikwisha kukiomba? Tunalia kama havitupe, na hatujaomba.

Na kwa sisi wenyewe: mutu akija kukuuzishia lupango mu kiwanja cha camp, usinunue, hata bei ikiwa ndogo. Unanunua tension ya mutoto wako.

Siku ya mwisho nilipita tena mbele ya ule mama. Alikuwa na fagio yake. Akaniuliza: «Papa, ungali unakimbizwa?» Nikamwambia: «Ndiyo mama, lakini leo inabakia nyuma.» Akasimamisha fagio, akasema: «Bwana yangu pia iko ku mine. Akirudi ku congé, pita umukamate.»

Nitapita. Lakini ningependa, ile siku, tukute mulango wazi.