Bibi harusi, ukifika Kaole toa salamu kwanza



Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Makurunge, Bagamoyo, kila ukiingia Mfungo Mosi tunaulizwa na mabibi harusi wa kisiwani: tukija fungate huko kwenu tutaona nini?

Vipo vingi, alhamdulillah. Makurunge ipo kwenye ukanda wa mito miwili, Ruvu na Wami. Wazee wenu wa Unguja wanapajua, maana huku ndiko ilikokuwa RAZABA, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Barabara ya kaskazini inawafikisha Hifadhi ya Saadani, mbuga inayoishia baharini, ambako kasa hutaga mayai mchangani. Mjini Bagamoyo mtaona Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Waulizeni wenyeji habari za Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani mtumwa kutoka Manyema, akasoma dini, akawa sheikh mkubwa wa Kadiria hadi alipofariki mwaka 1931.

Kusini ya mji, kama kilomita 5, ndiyo Kaole: msikiti wa mawe unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Hapo ndipo tuna neno.

Tuliwahi kumshonea bibi harusi gauni lenye mkia mrefu. Akatutumia picha za shukrani: ameketi juu ya kaburi la Kaole, mkia umetandazwa jiweni. Tukamjibu "mashaallah", tukanyamaza. Kimya kile kinatuuma hadi leo, maana kazi ya mikono yetu imo katika picha ile, na Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa juu ya makaburi.

Wengine husema ni magofu tu, waliolala pale hawana jamaa. Jamaa zao ni sisi. Walisali kama tunavyosali, wakazikwa kama tutakavyozikwa.

Hatusemi msije. Njooni, na waume zenu. Mkifika, toeni ile salamu ya makaburini tuliyofundishwa madrasa, waombeeni, ndipo mtembee. Ule mbuyu mnaoambiwa kuuzunguka kunaongeza umri, pumzikeni kivulini tu. Umri ni wa Allah. Picha zipigeni ufukweni, penye nafasi na upepo.

Na nguo ya matembezi ishoneni isiyoburura. Mawe ya matumbawe yanachana lesi, na fundi hana la kufanya tena.

Allah azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma. Amin.