Gemu uliyolipia si yako

Msee, ukibonyeza 'nunua' pale Steam usidhani gemu ni yako. Umepewa leseni tu, ruhusa ya kucheza. Waulize waliolipia The Crew ya Ubisoft, iliyotoka 2014. Machi 31, 2024 seva zilizimwa, na kwa vile haikuchezeka bila intaneti, hata ukiwa peke yako, gemu ikafa. Wengine leseni zao zikafutwa kabisa. Aliyekuwa na CD? Amebaki na kisahani cha kutundika ukutani. Sheria ya California sasa inataka maduka yakwambie wazi kwamba unauziwa leseni. Poa, lakini kuambiwa si kurudishiwa pesa. GOG angalau huuza gemu zisizo na kufuli hiyo: unapakua faili, unaihifadhi kwako, na bando ikiisha bado unacheza.