Wasifu wa Mwana wa Mtemi, na Wasomaji wake wa Nyarugusu

Mwaka 2020 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha wasifu wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere katika vitabu vitatu, jumla ya kurasa zaidi ya elfu moja, vyenye jina la Development as Rebellion. Waandishi wake ni Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, wasomi waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao walizama kwa miaka katika nyaraka na mahojiano kabla ya kuandika. Ni kazi nzito kwa mizani na kwa maana. Ni pia kazi ambayo mtu mwenye uwezo huinunua seti nzima, akaipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, na wageni wakaisifu kwa migongo yake mitatu bila yeyote kuifungua.

Si jambo jipya. Kitabu cha Mmarekani William Edgett Smith juu ya Mwalimu, kilichotoka mwaka 1971, leo hutafutwa na wakusanyaji wa vitabu vya kale kuliko kinavyotafutwa na wanafunzi. Mwalimu mwenyewe hakuandika kumbukumbu za maisha yake. Warithi wake Benjamin Mkapa na Ali Hassan Mwinyi waliandika za kwao, mmoja mwaka 2019 na mwingine mwaka 2021. Yeye alituachia hotuba, tafsiri za Shakespeare, na tenzi za Injili zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Kwa hiyo anayetaka kumjua hana budi kupita mikononi mwa wengine, na ndiyo sababu wasifu wake una thamani hata kabla ya bei kutajwa.

Sisi waamini tunayo sababu ya ziada ya kuufungua. Tangu mwaka 2005 Mwalimu anaitwa Mtumishi wa Mungu, baada ya Jimbo la Musoma kuanzisha mchakato wa kumtangaza kuwa Mwenyeheri. Wapo wanaodhani kwamba kumheshimu mtu wa namna hiyo ni kumtaja kwa sifa tupu. Utaratibu wa Kanisa hausemi hivyo. Tangu sheria mpya ya mwaka 1983, wanaochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu wanatakiwa kukusanya ushahidi unaomtetea pamoja na ule unaompinga, na mashahidi wa pande zote mbili wanaapishwa sawasawa. Kanisa haliogopi faili nene.

Basi tusiuogope na sisi. Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na wa Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi. Alibatizwa mwaka 1943, baba yake akiwa tayari amefariki. Jina la ukoo lilimfungulia mlango wa shule katika zama ambazo watoto wengi wa kijijini hawakuuona mlango huo hata kwa mbali. Wamisionari wa Afrika, hasa Padre Richard Walsh wa Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, walimsaidia kufika hadi Edinburgh. Mwana huyo wa mtemi ndiye ambaye serikali yake, mwaka 1963, ilifuta utemi kisheria katika Tanganyika yote. Katika ukanda wetu, ambako jina la baba bado huwafikisha wana kwenye viti vikubwa, uamuzi huo unastahili kusomwa taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

Lakini yumo pia kiongozi ambaye serikali yake iliitumia sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962, na ikatwaa shule za mashirika ya dini, zikiwamo za Kanisa. Wazee wetu wa Buha wanamkumbuka kwa jambo lililo karibu zaidi: Operesheni Kigoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zilipohamishwa kutoka kwenye migomba yao na kupelekwa katika vijiji vya kupangwa. Wapo waliopata shule na zahanati kwa njia hiyo, na wapo waliokuta nyumba walizoziacha zimebomolewa nyuma yao. Wasifu unaonyamazia mojawapo ya hayo haufai hata kwa kabati.

Na mkoa huu una ukurasa mwingine, ambao kwa maoni yangu ndio mzito kuliko yote. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji ya nchini kwao, na Tanzania ikawapa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huitoa kwa waliowahudumia wakimbizi. Mbegu ile iliendelea kuzaa hata baada ya kifo chake: Warundi zaidi ya 160,000 wa kizazi cha 1972 walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Nyarugusu ilizaliwa katika hali nyingine. Ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kivu ya Kusini, na mwaka 2015 ikawapokea Warundi wengi kiasi kwamba idadi ya watu ilizidi 150,000. Hapa hapakuwa na mashamba ya kugawa; palikuwa na mgawo wa chakula na mpaka wa kambi. Mwaka 2017 yalikubaliwa makubaliano ya kuwarejesha Warundi kwa hiari. Mwaka 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi, na mwaka 2021 kambi ya Mtendeli ikafungwa. Serikali inayo hoja: misaada ya wafadhili imepungua, misitu ya Kasulu na Kibondo imekatwa kuni, na wenyeji nao ni maskini. Hoja hizo ni za kweli. Neno hiari nalo ni la kweli, na hupoteza maana pale mtu anapopunguziwa chakula na kuzuiwa kulima, kisha akaulizwa kama anapenda kuondoka.

Kwa hiyo nauliza, ndugu msomaji, kitabu hiki kiko wapi? Kimeandikwa kwa Kiingereza, na bei ya seti yake haiko karibu na mfuko wa katekista wa kigango. Wakongomani wa Nyarugusu wanazungumza na kusali kwa Kiswahili. Wengi wao wamezaliwa humo humo kambini. Hao, pamoja na Waha waliowapokea, ndio wenye haki ya kwanza ya kujua ilikuwaje nchi moja ikafungua mlango kwa namna ile, na kwa gharama gani. Parokia inayoweza kununua seti moja ikaiweka mahali pa kusomea, na mwalimu mmoja akawasimulia vijana sura moja kila Jumapili baada ya Misa, itakuwa imekitendea haki kuliko makabati mengi ya mjini.

Warundi nao wana mwana wa ukoo mkuu wa kusomwa. Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliongoza chama cha UPRONA hadi ushindi, akawa waziri mkuu, na baada ya wiki mbili hivi akapigwa risasi kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 13 Oktoba 1961. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Katika Nyarugusu siku hizo mbili hufuatana: leo Warundi wanamkumbuka mwana wa mfalme, kesho wenyeji wao wanamwombea mwana wa mtemi.