Makaburi ya Hegra yana majina, ya kwetu je?

Mwezi uliopita pale kituo cha vijana tuliangalia video ya watalii waliotembelea Hegra, jangwani Saudi Arabia, karibu na mji wa AlUla. Ndugu zetu Waislamu wanapajua kwa jina la Al-Hijr au Madain Saleh. Ni majabali makubwa ya jiwe la mchanga yaliyosimama peke yake, na kwenye uso wa majabali hayo watu wa kale walichonga makaburi yenye milango na nguzo, unaweza kudhani ni majumba ya wafalme. Makaburi makubwa yanazidi 100. Waliochonga ni Wanabatea, watu wa misafara ya ngamia waliofanya biashara ya ubani, hao hao wenye mji wa Petra kule Yordani. Hiyo ni karibu miaka 2,000 iliyopita. UNESCO walipaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, na tangu Saudi Arabia ianze kutoa viza za utalii mwaka 2019 wageni wamekuwa wengi.

Tulishangilia sana, siyo siri. Lakini mimi kuna kitu kiliniudhi. Video nzima mtalii anapiga picha mbele ya kila kaburi, amesimama hivi, amesimama vile, mkono kiunoni, na hakuna hata mara moja kamera ilipopanda juu ya mlango kuonyesha maandishi. Yaani amefika kwa mtu na hakuuliza jina la mwenye nyumba.

Nilikuwa nimesoma habari za maandishi hayo kwenye simu ya rafiki yangu. Makaburi zaidi ya 30 yana maandishi juu ya mlango au karibu nao, kwa herufi za Kinabatea ambazo ndizo zilizozaa herufi za Kiarabu za leo. Na siyo maombi tu. Ni kama hati ya kiwanja! Yanataja mwenye kaburi, baba yake, nani anaruhusiwa kuzikwa humo, na mwaka gani wa mfalme gani. Halafu yanakataza: hakuna kuuza, hakuna kuweka rehani, hakuna kukodisha. Atakayevunja analaaniwa na miungu yao na anatozwa faini ya fedha, mara nyingi nusu kwa mungu na nusu kwa mfalme. Kwenye baadhi, mpaka mafundi waliochonga wameandikwa.

Kuna kaburi moja la mwaka 1 kabla ya Kristo ambalo wenyewe ni wanawake wawili, Kamkam na binti yake Kulaybat. Mama na binti! Wamejijengea wenyewe, na wao ndio wanaosema nani aingie na nani asiingie. Wale wanaosema mwanamke hana kauli kwenye mambo ya kiwanja, someni hapo.

Lakini lililonikaa kichwani ni lile maarufu, Qasr al-Farid, jabali moja limekaa peke yake, na kila mtalii lazima apige picha hapo. Wanabatea walikuwa wanachonga kuanzia juu kushuka chini. Hilo halikuisha. Ukiangalia chini utaona jiwe bado lina mikwaruzo ya patasi. Kazi ilisimama, sababu hatuambiwi. Lakini jina la mwenyewe lipo, Lihyan mwana wa Kuza. Nyumba haijaisha ila jina limeshawekwa.

Rafiki yangu mmoja Mwislamu aliniambia yeye hata akipewa tiketi ya bure hataenda. Kwao, pale ni mahali pa watu wa Thamud walioadhibiwa baada ya kumkataa Mtume Saleh na kumuua ngamia wake, na imepokewa kwamba Mtume Muhammad alipopita hapo akielekea Tabuk aliwaambia watu wake wasiingie isipokuwa wakilia. Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema makaburi haya ni ya Wanabatea waliokuja baadaye. Mimi sitaingilia hapo. Ila nilimwambia, kaka, kati ya wewe unayekataa kwenda na yule mwenye mkono kiunoni, wewe ndiye umekumbuka kwamba pale kuna wafu.

Sasa nije kwetu. Mdogo wangu alizikwa hapa kambini mwaka 2017. Tulipewa sanda na mbao, tunashukuru. Tukaweka msalaba wa mti, jina tumeliandika kwa makaa. Mchwa wakala msalaba, mvua ikasawazisha udongo. Mwaka jana shangazi alifika kutoka Fizi, akaomba aonyeshwe kaburi. Tulizunguka pale makaburini na mama karibu saa nzima. Mwisho mama alisimama katikati ya vichuguu viwili vidogo akasema ni kimoja kati ya hivi. Mpaka leo akienda anafagia vyote viwili.

Nimeuliza kwa nini tusiweke vibao vya saruji. Jibu nililopata, tena kwa upole, ni kwamba kambi ni ya muda, hairuhusiwi kujenga vitu vya kudumu. Naelewa, nyumba za saruji hatujengi. Lakini kambi ikiwa ya muda, maiti naye ni wa muda? Siku tukirudi kwetu au tukipelekwa nchi nyingine, sisi tutaondoka na vitambulisho vyetu. Yeye atabaki hapa, na hana hata karatasi. Wahisani mnaosoma hapa, kwenye kile kifurushi cha mazishi ongezeni kibao kidogo. Si mnara. Ni kitu cha ukubwa wa daftari.

Na sisi vijana tusingoje. Wale mnaosoma uashi pale chuo cha ufundi mna kalibu, mna mwiko. Saruji inayobaki mwisho wa mazoezi inatosha vibao viwili vitatu. Jina unaliandika kwa msumari kabla haijakauka: jina lake, la baba au mama yake, kijiji alichotoka, mwaka. Orodha ikae kwa kiongozi wa kila bloku, na nakala kanisani au msikitini. Hilo nalo siyo jipya, kwenye kaburi moja la Hegra imeandikwa kwamba nakala ya hati imewekwa hekaluni.

Mimi nimeshaongea na mwenyekiti wa bloku yetu, ameniambia nimletee majina kwanza. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa pale makaburini na daftari. Mwenye mtu wake aje, hasa wazee, kwa sababu wao ndio bado wanakumbuka nani amelala wapi. Kwa vile vichuguu viwili vya mama, tutaandika jina la mdogo wangu kwenye kimoja. Kile kingine nacho kina mwenyewe. Kama ni wa kwenu, njoo utuambie.