Wazee wa migodi nao wahesabiwe

Kila mara sindika yetu inaenda kuongea juu ya wazee wenye kukohoa, tunaulizwa neno lile lile: «Ni wangapi? Hesabu iko wapi?» Tunatoa kaye yetu. Ndani kuna majina ya watu wenye tulitumika nao, fasi walitumika, miaka yao, na msalaba kwa wenye walikufa. Siku moja bwana wa ofisi aliangalia ile kaye, akacheka kidogo, akasema: «Hii si hesabu, ni orodha ya marafiki.»

Alisema kweli, na hiyo njo inaniumiza. Kaye inajua tu wale wenye wangali wanakuja ku mkutano. Mwenye alirudi ku muji wa wazazi wake, mwenye miguu haimubebi tena, hayuko ndani. Kwa hiyo kaye inaonyesha wazee wenye afya kuliko vile wako kweli.

Lakini serkali nayo iko na nini? Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi ilifanyika mwaka 1984, ikapata watu karibu milioni 30. Mimi nilihesabiwa mugongoni mwa mama. Leo niko na mvi. Tunaambiwa tunaweza kuwa milioni 100 na zaidi, lakini ile ni makadirio.

Kuna pia uchunguzi wa afya wenye wanaita EDS, kama ule wa 2007 na ule wa 2013-2014. Kazi nzuri: kwa njia yake tunajua watoto wa maskini wanakufa namna gani kuliko watoto wa tajiri, na jimbo gani liko nyuma. Lakini mwangalie wanauliza nani mambo ya afya yake: mwanamuke wa miaka 15 mpaka 49, mwanaume wa miaka 15 mpaka 59. Kisha pale, mzee anabaki tu mu orodha ya nyumba.

Na silikosi, ugonjwa wa vumbi la mawe, inakuja lini? Mara mingi miaka 10, 20 na zaidi kisha mtu kuanza kupumua lile vumbi, hata kama aliisha kuacha kazi. Mapafu yanashindwa paka wakati ule maulizo yanafunga mlango.

Msiseme Afrika haiwezi. Ku Agincourt, Afrika ya Kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji, fasi yenye wanaume wengi wanatoka kwenda kutafuta kazi mbali, watafiti wanapita nyumba kwa nyumba tangu 1992: nani alizaliwa, nani alikufa, nani alihama. Juu ya ile hesabu, kuanzia 2014 wanafuata watu zaidi ya 5.000 wa miaka 40 na zaidi: presha, sukari, kukumbuka, nguvu ya mikono. Mtu akikufa nyumbani, wanauliza familia dalili zote ili wajue nini ilimuua. Huko mzee hapotei eti sababu ameacha kuja ku mkutano.

Hesabu mpya ya inchi yetu inaongelewa tangu miaka mingi. Siku watapita, karatasi iwe na maulizo mawili kwa kila mtu mzima, hata mwenye hatumiki tena: ni kazi gani ulifanya zaidi, na kwa miaka mingapi? Bila ile, mzee wa mugodi ataandikwa «hana kazi», na hakuna mwenye atajua kama watu wa kazi ile wanakufa mbele ya wengine. Kampani nazo zilete orodha za watumikaji wa zamani, zilinganishwe na buku za vifo za komine. Kwa wachimbaji wa mikono, wenye wengi wao hawako mu orodha hata moja, ulizo la hesabu njo njia ya pekee.

Wenzangu wengine wanaogopa: patron akijua mapafu yangu, atanifukuza. Woga wao uko na sababu. Matokeo ya mtu mmoja mmoja yabaki kwa munganga. Kwa patron ifike hesabu ya wote tu, bila majina.

Kwa sasa kaye inaendelea. Mwenye anajua mtumikaji wa zamani mwenye hawezi tena kutoka nyumbani, apeleke jina, umri na fasi alitumika kwa delege wetu wa karibu. Tutaenda sisi wenyewe kumuona.