Tusichanganye Mbio za Farasi na Kamari



Ndugu wazazi, kila tunapofika darasani kwenye Suratul-Aadiyaat, sura inayoanza kwa kiapo cha farasi, watoto hutuuliza kama kushindanisha farasi ni dhambi. Wengi wamekwisha kuambiwa nyumbani kwamba ni haramu, basi. Jibu hilo si sahihi.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi Madina. Waliofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyiwa mazoezi kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Kilichokatazwa ni kamari, iliyotajwa pamoja na ulevi katika Suratul-Maida, aya ya 90. Ndiyo maana wanazuoni wakapambanua: zawadi ikitolewa na kiongozi au mtu wa pembeni, inafaa. Washindani wote wakiweka fedha na mshindi akazichukua, hiyo kwa wengi wao ni kamari. Ama mtazamaji anayeweka dau kwa farasi asiyempanda wala kumfuga, huyo hana hata pa kujitetea.

Tuje kwenye ukanda wetu. Mbio za farasi zinazojulikana zaidi ni za jirani zetu wa Kenya, katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Mchezo huu uliletwa na walowezi wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo watu wengi wanauona ni wa matajiri. Hawakosei sana. Farasi anataka chakula kizuri, mtunzaji na daktari, na huku kwetu kuna mbung'o waletao nagana na usubi unaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua wengi wa wanaoupata.

Wapo wasemao kuwa bila ya kamari mbio zitakufa. Singapore kamari ya farasi ilikuwa halali na fedha zilikuwapo, na klabu yao ilianzishwa mwaka 1842. Watazamaji wakapungua, serikali ikaitaka ardhi kwa ajili ya nyumba, na mbio za mwisho zikafanyika tarehe 5 Oktoba 2024. Macau nao walifunga mwaka huo huo. Dubai kwa upande wao walianzisha Kombe la Dunia la mbio za farasi mwaka 1996, na kwa miaka mingi watazamaji hawakuruhusiwa kubeti uwanjani. Mwaka 2022 zawadi ya mbio kuu ilikuwa dola milioni 12. Ni kweli fedha hizo ni za watawala wenye mafuta na biashara, nasi hatuna wa kutufanyia hivyo. Lakini hoja ya kwamba kamari ndiyo uhai wa mbio haisimami.

Kumpeleka mtoto Ngong siku ya mashindano hatushauri, kwani kubeti ni sehemu ya siku hiyo. Hata hivyo, tunamshangaa mzazi anayemkataza mwanawe mdogo asitazame farasi wakikimbia, na huku kaka yake ana mikeka ya mpira ndani ya simu kila Jumamosi. Farasi wa Ngong hawajamaliza ada ya shule ya mtoto yeyote mtaani kwetu. Simu imemaliza.

Kama tunataka watoto waipate sunna hii, tuwatazame ndugu zetu wa Lamu. Huko, wakati wa Maulidi, vijana hushindana kwa punda, mnyama wanayemtumia kila siku kwa mizigo. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi katika Minhaj ameipa nguvu kauli inayomuingiza punda na nyumbu pamoja na farasi katika mashindano ya zawadi. Sharti letu ni punda asipigwe wala asichokozwe, na mgonjwa asiingizwe.

Madrasa iliyo karibu na wafugaji wa punda inaweza kuandaa mbio siku ya pili ya Idi, InshaAllah. Uwanja wa mpira unatosha, na zawadi itolewe na mfanyabiashara mmoja ambaye hana punda mashindanoni.

Wabillahi tawfiq.